Una sukari, presha au ugonjwa wa zamani na unatafuta bima ya afya Marekani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Novemba, msimu wa kujiandikisha bima unapofunguliwa, simu yangu hailali. Nasaidia watu wetu waliopo huku kujaza fomu za bima, sio kazi yangu rasmi ila ndo imenikuta hivyo, na karibu kila mtu ana swali moja analiuliza kwa sauti ya chini kama anaungama dhambi: "Nina sukari, hivi watanichukua kweli?" Nimechoka kurudia majibu yaleyale kwenye voisi noti kwa hiyo nimeyaandika. Haya yote ni ya Marekani, usiyabebe ukayapeleka nchi ingine, kila nchi na sheria zake.

Huo "ugonjwa uliokuwepo kabla" ndo upi hasa?

Ni tatizo lolote la afya ulilokuwa nalo kabla bima yako mpya haijaanza kufanya kazi. Sukari, presha, pumu, kifafa, VVU, selimundu, saratani hata kama ilishapona, sonona uliyowahi kutibiwa, mgongo uliofanyiwa operesheni. Watu wanadhani ni magonjwa ya kutisha tu, hapana. KFF, taasisi ya utafiti wa mambo ya afya, ilikadiria kwamba mwaka 2018 watu wazima kama milioni 54 wenye umri chini ya miaka 65, yaani asilimia 27, walikuwa na hali ambayo kwa taratibu za zamani ingetosha kuwanyima bima. Kwa hiyo hiyo sauti ya chini ya nini sasa, uko na wenzio kibao.

Kampuni inaweza kunikataa kwa sababu naumwa?

Haiwezi, kama ni bima inayofuata sheria ya Affordable Care Act, ile tumezoea kuiita Obamacare. Ilisainiwa Machi 23, 2010, watoto chini ya miaka 19 wakaanza kulindwa Septemba mwaka huohuo, na watu wazima wakafuata Januari 1, 2014. Tangu siku hiyo kampuni haiwezi kukufungia mlango kwa ugonjwa, haiwezi kukubali alafu ikasema "tutalipia vyote ila sio moyo wako", na haiwezi kukuwekea kikomo cha pesa kwa mwaka au kwa maisha kwenye huduma za msingi. Bima ya kazini haiwezi kukubagua kwa ugonjwa wa zamani nayo. Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na CHIP ya watoto vilevile, hazikatai mtu kwa sababu anaumwa, zenyewe shida yao ni kipato chako na vigezo vingine vya jimbo.

Kuna kakundi kamebaki nje, bima binafsi ambayo mtu alijinunulia mwenyewe siku ile ya Machi 23, 2010 au kabla yake na ameng'ang'ania hiyohiyo bila mabadiliko makubwa hadi leo. Mi sijawahi kukutana nayo.

Kwani zamani ilikuwaje? Mbona watu wazima wanaogopa hivi?

Wanaogopa kwa sababu waliyaona. Kwenye majimbo mengi ukienda kujinunulia bima mwenyewe unapewa fomu ya kurasa na kurasa, umewahi kuumwa nini, umelazwa lini, unakunywa dawa gani, na mtu wa kampuni anasoma anaamua. Mjamzito alikuwa anakataliwa kabisa. Aliyewahi kuwa na saratani hata aombe kwa machozi hapati. Wengine wanakubaliwa ila wanapandishiwa bei mara dufu, au ugonjwa wao unaandikiwa karatasi ya pembeni kwamba huu hatuuhusu. Na mbaya zaidi ni wale waliokubaliwa, wakalipa miaka, siku wameumwa vibaya kampuni inarudi kuchimba fomu ya zamani inatafuta kosa dogo ili ifute bima nzima.

Kulikuwa na majimbo 35 yenye mfuko maalum wa watu waliokataliwa kila mahali, lakini michango yake ilikuwa mikubwa na mingi ilikuwa na muda wa kusubiri. Na waliokuwa na bima ya kazini walikuwa na afadhali kidogo kwa sheria ya HIPAA ya 1996, ukihamia kazi nyingine bima mpya iliweza kukataa kulipia ugonjwa wako wa zamani kwa miezi 12 tu sio milele, na kama ulikuwa na bima kabla ya hapo miezi hiyo inapunguzwa, ila ukikaa bila bima siku 63 basi ile hesabu yako yote imekufa. Ndo maana unakuta mzee alikaa kwenye kazi anayoichukia miaka 20, kisa mke ana pumu.

Sawa hawanikatai, lakini si watanipandishia bei?

Kwa ugonjwa hapana. Premiamu yako, yaani mchango unaolipa kila mwezi, kwenye soko la bima (HealthCare.gov au soko la jimbo lako, tovuti za serikali za kujinunulia bima) inaangalia vitu vichache tu: umri, unapoishi, watu wangapi kwenye familia, aina ya kifurushi, na kama unavuta sigara. Mzee wa miaka 64 anaweza kutozwa hadi mara 3 ya kijana wa miaka 21, hiyo ni halali. Mvutaji anaweza kuongezewa hadi asilimia 50, ingawa kuna majimbo yamekataza, na hiyo nyongeza ya sigara ruzuku ya serikali haiigusi, unatoa mwenyewe. Jinsia hawaangalii tena, zamani wanawake walikuwa wanatozwa zaidi.

Ila usichanganye premiamu na zile hela unazotoa ukienda kutibiwa. Mgonjwa wa sukari anayechagua kifurushi cha premiamu ya chini kabisa mara nyingi analia Februari, kwa sababu didaktibo yake, yaani kile kiasi unachotoa mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kuchangia, ni kubwa kama mlima. Angalia pia kikomo cha mwaka cha matumizi yako, ukikifikisha bima inabeba yote yaliyobaki ya hospitali zilizomo kwenye mtandao wake. Mwaka 2025 kikomo hicho hakikuruhusiwa kuzidi dola 9,200 kwa mtu mmoja. Mtu anayeenda kliniki kila mwezi hesabu yake ianzie hapo, sio kwenye premiamu.

Nitasubiri miezi mingapi ndo waanze kulipia ugonjwa wangu?

Hata siku moja. Bima ikianza Januari 1 na una miadi ya figo Januari 2, inahusika.

Kazini unaweza kuambiwa subiri hadi siku 90 ndo uingizwe kwenye bima, lakini hiyo ni ya kila mfanyakazi mpya, mzima na mgonjwa.

Nifiche ugonjwa kwenye fomu?

Swali hili ndo linanichekesha na kuniumiza kwa pamoja. Kuna dada mmoja tulikaa naye kwenye fomu ya soko zaidi ya saa nzima, tukamaliza, akaniangalia akasema mbona hawajauliza? Alikuwa amejiandaa kudanganya kuhusu VVU, ameshapanga na uongo wake vizuri, na hakuna mahali pa kuuweka. Fomu inauliza kipato, familia, anwani, hali ya uhamiaji. Ugonjwa hauulizwi kwa sababu hawaruhusiwi kuutumia.

Kuna maswali mawili yanaweza kukushtua. La kwanza ni la sigara, jibu ukweli. La pili linauliza kama mtu ana ulemavu au anahitaji msaada wa kuoga, kuvaa na mambo ya kila siku, watu wanaruka hapo wanaandika hapana kwa woga, kumbe swali lile lipo ili kuona kama unaweza kupata Medicaid. Ukificha pale unajinyima mwenyewe.

Na wakishakukubali hawawezi kukufuta kwa sababu umeanza kuumwa sana. Kufuta bima kwa kurudi nyuma kunaruhusiwa tu kama ulifanya ulaghai au ulidanganya makusudi jambo la maana, na lazima wakupe taarifa siku 30 kabla.

Rafiki yangu anasema bima yake ilikataa kulipia presha, sasa wewe unasemaje hawakatai?

Hapa tukae vizuri maana watu wengi ndo wanaangukia hapa. Sio kila karatasi inayoitwa bima ni bima inayolindwa na ile sheria.

Nitakusimulia ya jamaa mmoja anaendesha maroli. Alinipigia niende kwake amempata wakala kwenye simu ana bei ya ajabu. Nikafika simu iko mezani kwenye spika, sauti tamu kweli, "ndugu yangu kadi unaipata leo leo". Kisha yakaanza maswali. Umelazwa miaka mitano iliyopita? Unatumia dawa gani? Kuna daktari amekwambia kitu kuhusu moyo? Nikachukua bahasha iliyokuwa pale nikaandika nyuma yake kwa herufi kubwa KATA SIMU, nikamsogezea. Akaisoma, akanitikisia kichwa, akaendelea kujibu. Bei ilikuwa nusu ya ile ya soko, nani angemlaumu. Karatasi zilipokuja nikamwonyesha ukurasa wa mwisho, maandishi ya kukodolea macho, kwamba hawalipii hali yoyote iliyotibiwa ndani ya miezi 24 kabla. Presha yake ina miaka 9. Akalazwa usiku mbili kwa presha hiyohiyo na bili ikaja tarakimu tano, yote yake.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: ukiulizwa magonjwa yako kabla ya kupewa bei, hiyo sio bima inayolindwa. Bima yenyewe haina haja ya kujua.

Zinazoangukia hapo ni kama hizi:

- Bima za muda mfupi. Kanuni ya 2018 iliziruhusu kwenda hadi siku 364, ya 2024 ikazipunguza hadi miezi 3 na kuongeza mmoja tu. Kanuni hizi zinayumba kila serikali ikibadilika, ila kitu kimoja hakijabadilika, zinaruhusiwa kukataa ugonjwa wa zamani.
- Zile zinazokulipa kiasi maalum, mfano hela fulani kwa kila siku uliyolazwa. Hizo ni za kujazia, sio za kutegemea.
- Vikundi vya kidini vya kuchangiana matibabu. Nia inaweza kuwa nzuri lakini sio bima, hakuna sheria inayowalazimisha wakulipie, na vingi vina masharti ya miaka kwa ugonjwa wa zamani.
- Mipango ya mashirika ya wakulima kwenye majimbo kama Tennessee, Iowa, Kansas na Indiana, ambayo kisheria haihesabiwi kuwa bima na inaruhusiwa kukagua afya yako.

Kitu kingine, kuna tovuti kibao zimejipamba zifanane na ya serikali. Ukiandika tu namba yako ya simu umekwisha, utapigiwa hadi ujute. Andika HealthCare.gov mwenyewe kwa mkono, na kama jimbo lako lina soko lake itakupeleka huko.

Nimeachishwa kazi na nina dawa za kila mwezi, nifanyeje?

Hesabu siku. Ukipoteza bima ya kazini una siku 60 za kuingia kwenye soko bila kusubiri Novemba, na ugonjwa wako hauulizwi. Zikipita hizo 60 umekaa nje hadi msimu ujao, na hapo ndo sukari inakuwa tatizo kweli, sio kwa sababu wanakukataa, ni kwa sababu ulichelewa.

Kuna pia COBRA, unabaki na bima ileile ya kazini kwa kawaida hadi miezi 18 ila unalipa yote mwenyewe, sehemu yako na ile aliyokuwa anatoa bosi, inafika asilimia 102 ya gharama. Ni ghali sana jamani. Inahusu kampuni zenye wafanyakazi 20 kwenda juu. Uzuri wake ni kwamba una siku 60 za kuamua na ukikubali inarudi nyuma hadi siku bima ilipokatika, kwa hiyo ukiumwa katikati hapo unaweza kuichukua, mradi ulipe na hiyo miezi ya nyuma. Ila angalia, ukiichukua alafu miezi mitano baadaye ukaiacha mwenyewe kwa kuchoka kulipa, soko halikufungulii mlango wa dharura kwa sababu hiyo.

Kama kipato kimeshuka sana jaribu Medicaid kwanza. Majimbo 40 na Washington D.C. yalipanua Medicaid kwa watu wazima wenye kipato hadi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, na kujiandikisha ni mwaka mzima.

Mimba inahesabika kuwa ugonjwa wa zamani?

Haihesabiki tena. Ukiingia kwenye bima na mimba ya miezi saba, kliniki na kujifungua vinalipiwa tangu siku bima ilipoanza. Kuwa mjamzito peke yake kwenye soko la serikali hakukufungulii mlango nje ya msimu (majimbo machache yanaruhusu), lakini mtoto akizaliwa unafunguliwa. Soko linakupa siku 60 kumwingiza mtoto, bima ya kazini mara nyingi siku 30 tu, na siku 30 za mtu mwenye kichanga zinaisha kabla hujalala. Mwambie shangazi mtu akukumbushe.

Mama anakuja kutembea miezi mitatu na ana presha, nimkatie nini?

Mgeni wa kutembea sio mkazi wa jimbo kwa hiyo soko halimhusu. Zilizopo ni bima za wageni na hizo zinaruhusiwa kukataa ugonjwa wa zamani, nyingi zinafanya hivyo. Baadhi zinalipia ikiwa ugonjwa wa zamani umelipuka ghafla, na hapo kuna masharti ya umri na kiwango cha hela, soma kipengele hicho mstari kwa mstari kabla hujalipa. Dawa zake za miezi yote aje nazo kutoka nyumbani, na cheti cha daktari.

Nikifika 65 si ndo raha, Medicare haikatai mtu?

Medicare yenyewe, bima ya serikali ya wazee, haikatai. Medicare Advantage, yaani vifurushi vya kampuni binafsi unavyochukua badala ya Medicare ya kawaida, navyo haviwezi kukukataa, na tangu 2021 haviwezi kumkataa hata mwenye figo zilizofeli. Mtego uko kwenye Medigap, ile bima ya nyongeza inayoziba mapengo ya Medicare. Hiyo una miezi 6 tu, kuanzia mwezi ambao umefikisha 65 na umeingia Part B (sehemu ya Medicare inayolipia madaktari), ambapo lazima wakuchukue kwa bei ya kawaida. Ikipita, kwenye majimbo mengi wanaruhusiwa kukuuliza magonjwa na kukukataa kama enzi zile. Connecticut, Massachusetts, Maine na New York ndo zina ulinzi mpana zaidi hapo. Kwa hiyo mzee anayesema "naanza na Advantage, nikiumwa nitahamia Medigap" mwambie mapema, hiyo barabara inaweza kuwa imefungwa siku akiihitaji.

Wamenikubali lakini wamekataa kulipia dawa yangu. Hii sio kukataa ugonjwa?

Ndo malalamiko makubwa siku hizi, na mi nakubaliana na mnaolalamika. Mlango wa mbele wamefungua ila ndani kuna vyumba vimefungwa. Wanasema dawa haipo kwenye orodha, au daktari aombe kibali kwanza, au ujaribu ya bei rahisi ishindwe ndo wakupe hiyo. Kisheria sio sawa na kukukataa kwa ugonjwa, ila mgonjwa aliyesimama dirishani pa famasia hajali tofauti hiyo.

Usikubali barua ya kwanza. Una siku 180 za kukata rufaa kwa kampuni yenyewe. Kama ni huduma hujaipata bado wanatakiwa wajibu ndani ya siku 30, kama umeshatibiwa siku 60, na kama ni dharura ndani ya saa 72. Wakishikilia msimamo una miezi 4 ya kuomba mkaguzi wa nje asiyehusiana nao, na akiamua upande wako kampuni inalazimika kulipa. Daktari aandike barua, aeleze dawa ulizojaribu na zilifanya nini mwilini mwako, tarehe na kila kitu. Barua ya "mgonjwa anaihitaji sana" haisaidii mtu.

Nikipimwa vinasaba kampuni itajua nitakuja kuumwa nini?

Sheria ya GINA ya 2008 inakataza bima ya afya kutumia vinasaba kukupandishia bei au kukunyima. Mwenye kubeba selimundu tu bila kuumwa yuko salama hapo. Ila GINA haigusi bima ya maisha wala ya ulemavu.

Si walisema Obamacare itafutwa?

Walijaribu sana. Julai 28, 2017 ilipona Seneti kwa kura 51 kwa 49, na Juni 2021 Mahakama ya Juu ikaitupa kesi ya Texas kwa majaji 7 dhidi ya 2. Ruzuku na tarehe za kujiandikisha zinabadilishwabadilishwa, kwa hiyo kila mwaka angalia upya, ila katazo la kubagua wagonjwa bado lipo.

Nikichelewa kulipa premiamu?

Ukiwa na ruzuku na ulishalipa angalau mwezi mmoja unapewa siku 90, bila ruzuku kwa kawaida ni kama siku 30 kulingana na jimbo. Ukikatwa kwa kutolipa, soko halihesabu kwamba "umepoteza bima", unasubiri hadi Novemba. Mgonjwa wa figo weka malipo yajikate yenyewe benki.

Siku ya kujaza fomu nije na nini?

Karatasi za mshahara, vitambulisho vya familia yote, karatasi za uhamiaji, na fika kabla ya Desemba 15 kama unataka bima ianze Januari 1. Na chupa zako zote za dawa, zitie kwenye mfuko uje nazo. Sio za kuonyesha kampuni. Tunazimwaga mezani, tunafungua orodha ya dawa ya kila kifurushi, tunatafuta jina moja moja hadi tupate chenye dawa zako zote, alafu tunaangalia kama daktari wako yumo. Inachukua kama saa mbili, kwa hiyo uwe umekula.